Tusiwabebe Tu, Tuwainue

Somo: Matendo ya Mitume 3:1–10

Wapendwa katika Kristo,

Tunawaandikia ninyi nyote wa Ihumwa, mlio kando ya barabara kuu na mlio vitongojini, na hasa ninyi wazee wetu ambao ukurasa huu mnasomewa na wajukuu kwa kuwa macho yamechoka.

Mwezi huu tumeona vema kunena juu ya miguu ya wazee. Huenda mtu akasema, "Hayo ni maneno ya zahanati, si ya kanisani." Zamani nasi tungesema hivyo hivyo. Lakini liko jambo lililotutokea hapa kwetu, nalo limetuaibisha. Tumeonelea tuliungame mbele yenu, ili aibu hiyo isiwe ya bure.

Yuko bibi mmoja miongoni mwetu. Jina lake hatulitaji, maana ametupa ruhusa ya kusimulia tu. Kwa miaka mingi bibi huyu hakukosa Ushirika Mtakatifu. Alikuja kwa miguu, iwe mvua, iwe vumbi, Biblia yake imefungwa katika kitambaa. Kisha akaacha kuja. Juma la kwanza tukasema labda ana homa. Mwezi ukapita, Pasaka nayo ikapita, hatukumwona. Baadhi yetu tukaanza kunong'ona kwamba imani imepoa. Wengine tukadhani amekosana na mtu katika Umoja wa Mama. Maneno hayo tuliyasema sisi wahudumu, si watu wa nje.

Mwisho tukaenda kumwona. Tulimkuta ameketi juu ya mkeka chini ya mwarobaini, khanga safi begani, kikombe cha chai kando yake. Uani pamefagiwa. Watoto wake wanamtunza kweli kweli. Tukasali naye, kisha tukamwuliza kwa upole sababu ya kukosa Meza ya Bwana. Akatutazama kwa kitambo, akasema:

"Baba Mchungaji, kupiga magoti naweza. Kuinuka ndiko kunakonishinda. Siku ile ya mwisho vijana wawili walinishika makwapani wakanivuta kama gunia la mtama, watu wote wakitazama. Nikaona heri nibaki nyumbani."

Tulinyamaza. Siku ile tulikuwapo. Tuliwaona wale vijana, na mioyoni mwetu tuliwasifu kwa adabu yao.

Tukamwuliza, miguu hii ilianza lini kulegea? Hakuwa na jeraha wala hakuwahi kuanguka. Akatueleza taratibu. Kwanza shamba lake lilipimwa viwanja, mji ulipokuwa unapanuka kuja huku kwetu na kule Mtumba. Basi safari ya asubuhi ya kwenda kulima ikaisha. Kisha bomba likaletwa uani, naye akashukuru, lakini safari ya maji nayo ikaisha. Wajukuu wakakatazwa wasimwache ashike fagio wala kinu. Mwana wake akampatia kijana wa bodaboda wa kumleta kanisani na kumrudisha. Kila jambo lilifanywa kwa heshima. Baada ya miaka miwili hivi akaona kwamba hawezi kuinuka mkekani bila kushikwa. Akatuambia neno ambalo hatujalisahau: "Wamenipenda mpaka miguu imesahau kazi yake."

Ndugu wapendwa, kwa neno hilo tuliirudia habari ya yule kiwete wa Mlango Mzuri, tukaiona kwa macho mengine.

Mwinjilisti Luka anatueleza kwamba mtu huyo alikuwa kiwete tangu tumboni mwa mama yake, na katika sura ya nne tunaambiwa umri wake ulipita miaka 40. Kila siku walikuwako watu waliombeba. Hatujui majina yao, lakini tusiwadharau. Kumbeba mtu mzima kila siku, mwaka hata mwaka, si kazi ndogo. Walimpenda. Walakini angalieni walimfikisha wapi: mlangoni. Walimweka chini pale nje ya hekalu, apate sadaka, na jioni wakamrudisha. Ndani hakuingia. Upendo wao wote uliishia mlangoni.

Ndipo wakaja Petro na Yohana, saa ya sala. Petro alimkazia macho, akamtaka naye awatazame. Akamwambia hana fedha. Kisha, katika Jina la Yesu Kristo, akamshika mkono wa kuume akamwinua, na papo hapo nyayo na vifundo vya miguu vikapata nguvu. Akasimama, akatembea, akaingia hekaluni pamoja nao huku akimsifu Mungu.

Tuupokee muujiza huo kama muujiza. Hatusemi kwamba Petro alimfundisha mazoezi. Lakini pia tusiupite ule mkono. Bwana aliyeweza kumponya kwa neno peke yake alipenda kuutumia mkono wa mtu. Tofauti ya mkono ule na mikono ya wale wachukuzi ndiyo mafundisho yetu mwezi huu. Wachukuzi walifanya kila kitu kwa niaba ya miguu yake. Petro aliitaka miguu yenyewe isimame. Yuko anayembeba mzee, na yuko anayemwinua mzee. Wote wawili wana upendo, lakini ni mmoja tu anayemfikisha ndani.

Sasa tuseme kidogo juu ya mwili, kwa kuwa mwili ni kazi ya Mungu, na kuujua si dhambi. Waganga wanatufundisha kwamba misuli ya mtu huanza kupungua pole pole akiwa angali mtu mzima wa makamo, na akiisha kupita miaka 60 upungufu huo huenda mbio zaidi. Hilo ni la wote. Lakini kuna upungufu wa pili, usiotokana na miaka bali na kukaa tu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza habari za wazee wenye afya waliokubali kulala kitandani siku 10. Katika siku hizo chache miguu yao ilipoteza misuli ya uzito wa karibu kilo moja. Basi fikirini mzee wa kwetu anayeketishwa mkekani mwaka mzima!

Lakini habari njema nayo ipo. Mwaka 1990, katika mji wa Boston, waganga waliwachukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hata 96. Wakawapa mazoezi ya kutia nguvu mapaja kwa majuma manane, wakisimamiwa vizuri. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani zaidi ya mara mbili ya zile za mwanzo. Watu wa miaka 90! Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba mzee akiisha kulegea hakuna tena la kufanya.

Hatari ya kulegea huku ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wenye umri wa kupita miaka 60. Mzee akivunjika nyonga hulala, akilala hulegea zaidi, na wengi hawarudi tena katika hali yao ya kwanza. Sisi tuliozika wazee wa parishi hii tunajua ni mara ngapi habari zao zilianza kwa maneno haya: "Aliteleza uani."

Wengi wa wazee wetu ndio waliohamia vijijini wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walibeba miti ya tembe kwa mabega, wakachota maji mbali, wakapalilia uwele na mtama juani, wakatwanga usiku. Wakati ule hakuna aliyehitaji kuambiwa afanye mazoezi. Kazi yenyewe ilikuwa mazoezi. Hatusemi turudi kwenye taabu ile. Bomba ni baraka, na gari ni baraka. Lakini kazi iliyoondoka imeondoka pamoja na kitu ambacho miguu ilikuwa inakitegemea, nasi hatuna budi kukirudisha kwa njia nyingine.

Kanisa letu katika nchi hii si geni katika jambo hili. Endeleeni na barabara yetu kuelekea Morogoro, mtafika Buigiri. Pale Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1950. Nyakati zile watoto wengi wasioona walikaa nyumbani, wamelishwa, wamevikwa, wamefichwa pembeni, na jamaa zao wakiamini kwamba hiyo ndiyo huruma. Shule iliwapa njia ya kusoma kwa vidole na kujitegemea. Wazee wetu wa imani walielewa kwamba huruma kamili humpa mtu uwezo wake, haimnyang'anyi. Mbona sisi tuwafanyie mama zetu na baba zetu kinyume chake?

Basi tufanye nini? Tuna maneno kwa watu wa namna tatu.

Kwanza, kwenu ninyi wazee wetu. Shikamooni. Tunawaomba msikubali kuketishwa kabla ya wakati. Kalebu mwana wa Yefune alikuwa na miaka 85 alipomwendea Yoshua. Hakuomba kivuli na kiti. Aliomba nchi ya milima, akaipanda. Hatuwaambii mpande milima. Tunawaambia hivi: kila siku tembeeni, hata kama ni mpaka kwa jirani na kurudi. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linasema mtu mzima apate mwendo wa kumtoa jasho kidogo angalau dakika 150 kwa juma, yaani kama dakika 20 na ushee kila siku. Mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili za juma. Na kwa wazee, mazoezi ya kusimama imara siku tatu. Asiyeweza hayo yote na aanze na anayoyaweza. Kidogo ni bora kuliko kukaa.

La kutia nguvu ni hili, nalo halina gharama. Keti juu ya kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Vuta miguu nyuma kidogo, inama mbele, simama. Keti tena taratibu, usijitupe. Fanya mara tano, upumzike, urudie. Ukihitaji kushika mkono wa kiti, shika. Siku zikienda utaona unashika kidogo tu. Baada ya hapo simama ukishika nguzo, inuka juu ya vidole vya miguu, ushuke. Kisha, ukiwa ungali umeshika nguzo, inua mguu mmoja ukihesabu hata kumi, halafu wa pili. Ukisikia maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au pumzi kukatika, acha mara moja uende zahanati. Na mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kuvunjika, amwulize mganga kabla ya kuanza.

Tena kuleni vema. Misuli haijengwi kwa ugali peke yake. Kunde, njugu mawe, karanga, maharage, maziwa, yai, dagaa, hivi vyote huijenga. Tumeona nyumba ambamo nyama huwekewa vijana kwa kuwa "mzee hana meno." Ikatwe, ipondwe, apewe.

Pili, kwenu ninyi watoto, wakwe na wajukuu. Amri ya kuwaheshimu baba na mama bado ipo, nasi hatuipunguzi. Lakini msiwaheshimu kwa kuwanyang'anya kazi. Mwacheni bibi achambue mboga, aanike ilende, amwagilie mche wake kwa kopo. Mwacheni babu aende mwenyewe kutazama mbuzi, nanyi mfuate kwa mbali kama mna wasiwasi. Akichelewa kuinuka, ngojeni. Kungoja nako ni heshima. Pengine ndiyo heshima ngumu kuliko zote kwa watu wenye haraka. Akiomba msaada, mpe mkono autegemee, usimvute. Ukimvuta, unatumia nguvu zako. Ukimpa mkono, anatumia zake.

Itazameni na nyumba. Ondoeni jiwe lililolegea mlangoni, na kamba ya mbuzi inayopita njiani. Wekeni taa au tochi karibu na kitanda, na mahali pa kushikia chooni. Ndala zilizokwisha zitupwe. Mpeni kiatu chenye kushika kisigino. Mfundisheni kuketi kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, kwa maana kizunguzungu cha alfajiri kimewaangusha wengi. Na msisahau macho. Ugonjwa wa vikope umeitesa sana nchi hii ya kati, na mtoto wa jicho huwapata wazee wengi. Asiyeona shimo ataanguka hata kama ana miguu ya simba. Hospitali yetu ya Mvumi imewahudumia watu wa macho kwa miaka mingi. Mpelekeni mzee akapimwe, msiseme ni uzee tu.

Tatu, kwetu sisi wa kanisa. Hapa ndipo penye toba yetu. Musa alipochoka mlimani vitani na Amaleki, Haruni na Huri hawakumwambia ashuke akapumzike, wao waiinue fimbo. Walimtafutia jiwe la kuketi, wakaitegemeza mikono yake mwenyewe, na kazi ikabaki kuwa ya Musa. Sisi je, tumewawekea wazee wetu jiwe gani? Mabenchi yetu mengi hayana mgongo. Ngazi ya mlangoni haikuwa na mahali pa kushika. Na mbele ya Meza ya Bwana tuliwaacha wapige magoti bila kujiuliza watainukaje.

Tumezungumza na wazee wa kanisa, na haya yamekwisha kufanyika. Mti wa kushikia umewekwa penye ngazi, na mwingine mbele, mahali pa kupokelea Ushirika. Viti viwili vyenye mikono vimewekwa karibu. Tena tunatangaza wazi, ili pasiwe na mtu wa kuona haya: asiyeweza kupiga magoti na apokee akiwa amesimama, asiyeweza kusimama na apokee akiwa ameketi, na asiyeweza kufika, tutamfikia nyumbani. Bwana hatazami magoti ya mwili. Umoja wa Mama nao wameanza, kila Alhamisi baada ya maombi, kutembea pamoja na wazee mpaka kwenye mbuyu na kurudi, wakiimba. Vijana, mnakaribishwa. Huko mtasikia habari ambazo hamtazisoma popote, maana penye wazee haliharibiki neno.

Hata hivyo, tusije tukaumiza wengine kwa maneno haya. Wako miongoni mwetu ambao hawatatembea tena. Wengine wamepooza, wengine wamefika mwisho wa nguvu zao. Hao wasihukumiwe, wala wasiambiwe kwamba hawakujitahidi. Yesu mwenyewe alimwambia Petro kwamba atakapokuwa mzee mwingine atamfunga mshipi na kumchukua. Petro yule yule aliyemwinua kiwete aliambiwa hivyo! Uko wakati wa kubebwa, na siku hiyo ikifika tubebe kwa furaha, tugeuze, tuoshe, tulishe, bila kunung'unika. Kosa letu lilikuwa kumbeba mtu ambaye wakati wake wa kubebwa ulikuwa haujafika.

Nabii Zekaria, katika sura ya nane, anauona mji wa Yerusalemu uliorudishiwa amani. Kati ya alama za baraka hiyo anawaona wazee, wanaume kwa wanawake, wako njiani, kila mmoja na mkongojo wake, na watoto wanacheza karibu nao. Nabii hakuuona mkongojo kuwa aibu. Aliuona kuwa baraka, kwa kuwa mwenye mkongojo yuko nje, yuko pamoja na watu. Tunauombea mji huu wa Dodoma unaokua mbele ya macho yetu, wenye majumba na barabara mpya, uwe na nafasi ya mkongojo.

Na yule bibi? Mwana wake alipoyasikia mambo haya aliona uchungu, tukamtuliza, kwa kuwa kosa lilikuwa letu sote. Akamchongea mama yake kiti. Bibi akaanza kusimama na kuketi, mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, mjukuu akimhesabia. Akarudishiwa fagio lake. Iliwachukua miezi, na siku nyingine alikata tamaa. Kupiga magoti hawezi mpaka leo, na labda hataweza tena. Lakini Jumapili ya Pentekoste tulimwona akija kwa barabara, mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine begani mwa mjukuu, na kijana wa bodaboda akimfuata polepole nyuma kama mlinzi. Akapanda ngazi akiushika ule mti. Akaja mbele, akasimama, akanyosha mikono miwili, akapokea.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyewabeba watu wako tangu tumboni na hutawaacha wakiwa na mvi: utusamehe sisi tuliowaketisha wazee wetu pembeni tukadhani tumewaheshimu. Wape nguvu magotini mwao kwa kadiri ya mapenzi yako, na saburi wale ambao nguvu zao zimekwisha. Utupe sisi mkono wa Petro, na uvumilivu wa kungoja, hata sote tuingie nyumbani mwako tukikusifu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Sisi watumishi wenu katika Bwana,
Wahudumu wa Parishi, Ihumwa